Kila Kikundi na Sumaku Yake

Mwanafunzi wa darasa la nne aliyekaa dawati la nyuma haioni sumaku iliyo mkononi mwa mwalimu. Anachoona ni mkono wa mwalimu ukisogea karibu na msumari, kisha anasikia wenzake wa mbele wakishangilia, "Imenasa!" Ataandika kwenye daftari kwamba sumaku huvuta chuma, na kwenye mtihani atapewa vema. Ila ule mvuto wenyewe, namna vidole vinavyouhisi kabla msumari haujagusa, atakuwa hajaupata. Nafundisha Sayansi shule ya msingi hapa Tanga, darasa lenye watoto wanaozidi sabini, na jambo hilo ndilo linaloniongoza kila ninapokwenda kutafuta zana. Kitu kimoja kizuri juu ya meza ya mwalimu hakitoshi. Kila kikundi kiwe na chake, tena kiwe chakavu kiasi kwamba mtoto haogopi kukishika.

Chuoni sote tulifundishwa kufaragua zana, yaani kuzitengeneza kwa vitu vinavyopatikana karibu. Kinachotokea mashuleni ni kwamba mwalimu anafaragua zana moja, anaipaka rangi, anaiandika jina kwa maka peni, mdhibiti ubora akija anaonyeshwa, halafu inarudi kabatini. Nasema hivi bila kumdharau mwenzangu yeyote, maana kazi ile inachosha na muda ni mfupi. Lakini nikiambiwa nichague kati ya zana kumi za aina kumi, moja moja, na kitu cha aina moja tu kilichotosha vikundi vyote, nitachukua hicho kimoja na kufundishia muhula mzima.

Kuna na suala la fedha, nalimaliza haraka. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, shule za msingi za serikali hupewa ruzuku ya uendeshaji inayokokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Chaki, karatasi, mitihani na ukarabati mdogo vyote vinaisubiri hela hiyohiyo. Mkuu wa shule hawezi kuniandikia hundi ya vifaa vya maabara ambayo hatuna. Na orodha ya vitu kwa wazazi siitumi, hata ya vitu vya mia mbili. Mtoto aliyekosa cha kuleta atajificha nyuma ya wenzake siku ya somo, au asubuhi ile atasema tumbo linamuuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwenye kuinama hapa ni mwalimu.

Naanzia Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, kwa mafundi redio. Yuko mzee mmoja pale, kibandani kwake redio na spika zimepangwa mpaka darini, ambaye kwangu ni stoo kuu ya fizikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo unataka nini?"

"Spika zilizokufa."

"Spika haifi yote, mwalimu. Inakufa koili. Sumaku yake ipo palepale."

Ni kweli. Spika inapoungua, kinachoungua ni ule uzi mwembamba wa kopa uliozungushwa nyuma ya karatasi. Sumaku, lile duara jeusi lenye tundu katikati, imebanwa kati ya vipande viwili vya chuma, nzima kabisa. Fundi anaitenganisha kwa patasi na nyundo. Wakati mwingine inavunjika, maana sumaku za spika ni ngumu lakini hazina unyumbufu, zinapasuka mfano wa kigae. Hapo mwalimu asisikitike. Kila kipande kinachovunjika ni sumaku kamili yenye ncha yake ya kaskazini na ya kusini. Spika moja kubwa ya muziki, ikifungwa ndani ya tambara nene ili vipande visiruke machoni na kugongwa mara moja kwa nyundo, inakupa sumaku za vikundi vyote na ya akiba. Nasugua kingo kwenye jiwe zisikate vidole, nazungushia plasta. Tena lile tendo la kuvunja ni somo. Nawauliza kwanza: tukiivunja katikati, upande mmoja utakuwa na kaskazini tu? Karibu darasa zima hujibu ndiyo. Halafu nawapa vipande wajaribu wenyewe, na nakaa kimya mpaka ubishi uishe.

Kwa fundi wa kuchomelea mageti naomba unga wa chuma unaodondoka chini ya grinda. Anaufagia, mimi naukung'uta kwenye chujio ya chai iliyochoka. Unga huu haukai wazi darasani hata kidogo, kwa sababu upepo wa madirisha yetu ukiupeperusha unaingia machoni. Nautia kwenye chupa za maji za nusu lita, kidogo tu, nakaza kizibo kwa gundi. Mtoto anapitisha sumaku nje ya chupa, unga ndani unasimama vijiti vijiti na kumfuata. Ananielewa mara moja ninaposema kwamba mvuto unapenya plastiki.

Waya wa sumaku ya umeme nautoa kwenye mota za feni zilizoungua, na Tanga yenye joto hili feni zilizoungua hazikosekani. Hapa naomba nitulie kidogo, kwa sababu jaribio hili wengi huliacha wakidhani limewashinda. Waya wa kopa wa mota umepakwa vanishi. Kwa macho unaonekana ni kopa tupu, yenye rangi ya hudhurungi inayong'aa, lakini vanishi ile haipitishi umeme. Ukiunganisha na betri hivyohivyo, msumari hautaokota hata pini. Chukua kipande cha msasa, sugua ncha mbili za waya, sentimeta mbili kila upande, ukizungusha waya vidoleni mpaka rangi ibadilike na kuwa ya waridi iliyofifia. Hiyo ndiyo kopa yenyewe. Zungusha waya kwenye msumari wa inchi 4, mizunguko ishirini, yote ikielekea upande mmoja, ncha zishike betri kubwa za redio mbili zilizopangwa mstari. Msumari utaokota pini za stepla. Ongeza mizunguko, waache wahesabu pini tena. Usiwaruhusu kushikilia muda mrefu: waya unapata joto na betri zinakwisha upesi. Washike, wahesabu, waachie.

Globu zile ndogo za tochi za zamani, zenye uzi ndani, sasa ni shida kupata. Tochi zote za madukani ni za taa za LED. Nilidhani itakuwa hasara kwa somo la sakiti, ile njia ya mzunguko wa umeme, lakini imekuwa faida. LED inayotolewa kwenye tochi mbovu ina miguu miwili na inapitisha umeme upande mmoja tu. Betri mbili, yaani volti 3, zinatosha kuiwasha. Mtoto akiunganisha kinyume haiwaki, anageuza, inawaka, naye ameshakutana na chanya na hasi kwa mikono yake kabla sijaandika lolote ubaoni. Betri za simu zilizovimba sizipokei, hata mtoto akileta kwa nia njema, kwa sababu zikitobolewa zinaweza kushika moto. Na umeme wa ukutani hauguswi kwa jambo lolote. Hilo nalisema kila kipindi cha umeme, kwa sauti ileile.

Nikitoka kwa mafundi naingia soko la Mgandini, na hapo kemia yote ya shule ya msingi iko kwenye mafungu: choya, ndimu, magadi, siki, binzari.

Choya tunainywa wote hapa Pwani, hasa mwezi wa Ramadhani. Maua yake yaliyokauka yakichemshwa yanatoa maji mekundu ambayo ni kiashiria kizuri cha asidi na besi, yaani yanabadilika rangi kuonyesha kipi ni kipi, na kwa watoto wadogo nayapenda kuliko karatasi za litimasi. Nachemsha nyumbani, napoza, nabeba kwenye chupa. Kila kikundi kinapata vizibo vya chupa sita na kuweka matone machache ya choya katika kila kizibo. Cha kwanza wanaongeza ndimu: wekundu unakolea. Cha pili siki: vilevile. Cha tatu maji ya magadi, na hapo ndipo darasa linapolipuka, maana wekundu unapita kwenye zambarau na kuishia kwenye kijani cha kubuluu. Cha nne maji ya sabuni ya unga, cha tano maji ya jivu lililochujwa, cha sita maji matupu ya bomba kwa kulinganishia. Kisha nawaambia warudishe ndimu, tone kwa tone, kwenye kile cha magadi. Kinatoa povu, na wekundu unarejea. Sijawahi kuona mtoto aliyechoka na jaribio hili. Tatizo ni kuwazuia wasionje, kwa hiyo kanuni ni kwamba choya ya darasani hainywewi, na ya kunywa nawaletea kwenye dumu lingine siku ya mwisho wa muhula.

Binzari ya manjano inafanya kazi kwa namna nyingine. Kwenye asidi inabaki njano, kwenye besi inageuka nyekundu ya matofali. Ukipaka karatasi nyeupe maji ya binzari na kuikausha kivulini, umepata karatasi za kupimia besi za kutosha wiki nzima. Siku moja nilipofika hapo, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, ndiyo maana kanzu ya babu ikidondokewa mchuzi, mama akitia sabuni doa linakuwa jekundu?" Ndiyo maana. Nilimpa ubao awaeleze wenzake, na alieleza vizuri kuliko kitabu.

Bahari nayo inagawa vifaa bila kuuza. Maji yakipwa pale Sahare, makombe matupu yamejaa ufukweni. Kombe likitiwa kwenye ndimu au siki linatoa viputo, na viputo vile ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye chokaa iliyounda kombe. Ganda la yai linafanya hivyohivyo, ndiyo maana mama muuza chipsi wa jirani na shule anatuwekea maganda. Lakini kombe lina faida moja ya ziada: linanifikisha Amboni. Watoto wengi wa Tanga wameyasikia mapango yale, kilometa 8 hivi kutoka mjini, na wamesikia hadithi za mizimu kuliko za mawe. Mawe yake ni ya chokaa. Mvua inapoanguka na kupenya ardhini inabeba hewa ya ukaa, maji yanakuwa na asidi kidogo sana, nayo huyeyusha chokaa pole pole kwa muda mrefu mno hadi vyumba vinatokea chini ya ardhi. Ndimu kwenye kombe ni Amboni iliyoharakishwa. Mtoto aliyeona kizibo kizima kikijaa viputo anaweza kuamini kwamba maji yalichimba pango.

Kuna masharti mawili ya ufukweni. Tunaokota makombe matupu tu, hatuvunji matumbawe wala hatuchukui kitu kilicho hai. Na yule konokono wa bahari mwenye umbo la pia, aliyepakwa madoa mazuri, asiguswe kabisa akiwa hai: ana mwiba wenye sumu, na wako spishi wanaoweza kuua mtu. Watoto wa wavuvi wanalijua hili; wa mitaa ya juu hawalijui.

Kwa samaki naenda Deep Sea, soko letu la samaki, asubuhi, boti zikiingia. Naomba vichwa na matumbo, siyo samaki wa kula. Vichwa vya changu vina matamvua mekundu makubwa ambayo kikundi cha watoto sita kinaweza kuyafunua kwa kijiti na kuona yalivyopangika. Yakitumbukizwa majini yanatanuka na kuachana, yakitolewa yanagandana. Hapo swali la kwa nini samaki anakufa nchi kavu, ilhali hewa ipo tele, linajijibu lenyewe mbele yao. Kazi hii ifanyike nje chini ya mwembe, kipindi cha kwanza, na sabuni iwepo. Baada ya saa nne harufu itakufukuza.

Vipimo nitavipitia upesi. Bomba jipya la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, sindano yenyewe ikiachwa hukohuko dukani, ni kipimio sahihi cha ujazo, na mawili yakiunganishwa kwa mpira wa dripu mpya na kujazwa maji yanakufundishia jinsi kijiko cha greda kinavyonyanyuka. Yaliyotumika hospitalini hapana, hata yakichemshwa. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ndiyo mawe yangu ya mizani, kwa kuwa mililita 500 za maji ni gramu 500. Mizani yenyewe ni mti wa mkonge. Mlingoti wa mkonge uliokauka ni mwepesi ajabu, unakatika kwa kisu, na wenye mashamba ya kuelekea Pongwe na Muheza hawana kazi kubwa nao. Huohuo mlingoti ukiwa bado mbichi juu una vichipukizi vidogo vilivyo tayari kupandwa, mfano bora wa mmea unaozaa bila mbegu. Mkonge wote wa mwanzo hapa kwetu ulitokana na miche 62 iliyonusurika safari ya kutoka Florida mwaka 1893, iliyoletwa na Richard Hindorf. Kwa mbegu za kuotesha, tumia choroko. Zinachipua upesi kuliko maharage, na mtoto wa darasa la tatu hana subira ya juma zima.

Somo ninalolipenda kuliko yote linahitaji fimbo moja iliyonyooka, uzi na jiwe la kufungia timazi. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mnamo tarehe 7 Machi na tena tarehe 6 Oktoba, jua hupita utosini kabisa. Tunasimamisha fimbo uwanjani, timazi inahakiki kwamba haikuinama, na kila kikundi kina fimbo yake. Machi wakati wenyewe ni saa 6 na dakika 35 hivi mchana, Oktoba ni saa 6 na dakika 12 hivi. Kivuli kinafupika, kinafupika, kinajikusanya chini ya fimbo, kinakwisha. Siku nyingine za mwaka hakiishi: fimbo ya mita 1 mwishoni mwa Juni ina kivuli cha adhuhuri cha sentimeta 54 hivi kikielekea kusini, na mwishoni mwa Desemba sentimeta 33 hivi kikielekea kaskazini. Miezi hiyo shule zimefungwa, kwa hiyo wanapima nyumbani na kuniletea namba kwenye daftari.

Ninachokifurahia zaidi ni kwamba nusu ya darasa wanakuja na elimu hii kutoka madrasa. Wanajua adhuhuri inaingia jua likishapinduka, na alasiri inaingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwepo adhuhuri. Siku ya Machi ambayo kivuli cha adhuhuri ni sifuri, hesabu inakuwa safi: fimbo ya mita 1, kivuli cha mita 1, jua nyuzi 45, na saa inasoma 9 na dakika 35 hivi. Wavulana wawili wa Makorora walibaki shuleni baada ya kengele kusubiri dakika ile, mmoja na futikamba, mwingine akisikilizia msikiti. Adhana ilianza kivuli kikiwa kimebakiza upana wa vidole viwili. Walibishana njia nzima kama kosa ni la fimbo au la saa ya muadhini, na kesho yake waliomba kuitazama timazi upya.

Vitu hivi vyote navihifadhi kwenye ndoo za rangi zenye mifuniko, moja kwa kila mada, maana hewa ya bahari haina huruma. Misumari inafungwa kwenye tambara lililopakwa mafuta ya mashine. Betri hazilali ndani ya kifaa chochote, zikivuja zinakila. Vizibo, chupa na makopo vinakusanywa na watoto wenyewe, bila majina wala hesabu ya nani kaleta ngapi.

Kinachonisumbua sasa ni lenzi. Ndani ya deki ya DVD iliyoharibika kuna kilenzi kidogo, ukubwa wa punje ya dengu, kinachokaa juu ya taa ya leza. Mzee wa Ngamiani alinitolea kimoja. Nilikibana kwenye kibanio cha nywele, nikakibandika juu ya kamera ya simu kwa seloteipu, nikaweka utando wa kitunguu kwenye kioo chenye tone la maji na kuusogeza karibu mpaka picha ikatulia. Seli zilionekana, zimepangana bega kwa bega, kuta zake dhahiri. Watoto walipita mmoja mmoja kutazama, na wa mwisho kwenye foleni walikuta utando umekauka. Simu za kuazima kwa walimu wenzangu nimeshaahidiwa. Vilenzi bado ni kimoja. Mwenye deki mbovu nyumbani, Tanga mjini au Muheza, asiitupe. Aipeleke kwa fundi redio aliye karibu naye amwambie imewekwa kwa ajili ya shule, nitaipitia.